Tufike Ujiji, Tuulize: Mukuya Ni Nani?

Kuna neno moja tunalolisikia sana hapa kwetu Salamabila: «mukuya». Unalisikia sokoni, unalisikia kwenye mashimo ya zahabu, na siku ya mechi kati ya mitaa miwili utalisikia zaidi. «Weye ni mukuya tu, utatuambia nini?» Kijana anataka kuoa, wazazi wa binti hawaulizi kwanza kama anasali ao kama anatumika, wanauliza alitoka wapi. Shimo likitoa vizuri, mabishano ya kwanza ni kujua nani mwenye inchi na nani mtu wa kuja. Shimo likikauka, hakuna anayeuliza tena.

Neno hili limekwisha kuvunja ndoa, limevunja urafiki, na wakati mwingine limemwaga damu. Ndiyo sababu mwezi huu tunapenda kukupeleka mahali ambapo unaweza kuliangalia vizuri, bila kelele ya sokoni.

Inchi zingine zimejenga nyumba za makumbusho juu ya wakuya wao. Kwa Kifaransa tunasema musée. Kule Marekani, mbele ya mji wa New York, kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Ellis Island. Kati ya mwaka 1892 na 1954 watu karibu milioni 12 walipita pale, wakapimwa macho na kifua, wakaulizwa majina na kazi, halafu wakaruhusiwa kuingia ao wakarudishwa. Mwaka 1990 nyumba ile ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wafaransa nao walifungua yao Paris mwaka 2007, ndani ya jumba la Porte Dorée. Jumba lile lilijengwa juu ya maonyesho makubwa ya makoloni ya mwaka 1931. Fikiri kidogo! Jumba la kusifu makoloni, leo linaonyesha masanduku, picha na vyombo vya kazi vya watu waliotoka katika inchi za mbali kuja kutumika Ufaransa.

Sisi huku kusini ya Maniema hatuna jumba kama lile. Lakini habari ya watu waliohama si habari ya Wazungu peke yao. Makumbusho iliyo karibu nasi zaidi kwa habari hii iko Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganika, katika mji wa Kigoma-Ujiji, Tanzania. Wafanyabiashara wetu wengi wamefika Kigoma mara nyingi kununua vitambaa, sabuni na vyuma vya pikipiki, bila kusimama Ujiji hata dakika kumi. Ni hasara.

KUFIKA KULE

Kutoka Salamabila unapita Lulimba, Fizi, mpaka Baraka, halafu unaingia boti. Wengine wanapendelea kushukia Kalemie na kuvukia pale. Barabara ya Lulimba, hatuna haja ya kukueleza: wenye kamyo wanaijua, mvua inaijua, na kila mmoja anajua kwamba kabla ya kutoka ni lazima kuuliza habari za usalama. Usitoke bila karatasi zako, na ukifika ng'ambo usijifiche. Jionyeshe kwa watu wa mpaka.

Kutoka Kigoma mjini mpaka Ujiji ni safari fupi ya gari ndogo. Kigoma ndiyo mji mkubwa leo, kwa sababu reli kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1914. Lakini zamani Kigoma ilikuwa kijiji, na Ujiji ndiyo ilikuwa bandari. Kwenye makumbusho mengi ya Tanzania bei ya mgeni si sawa na bei ya mwenyeji. Kwa hiyo usishangae ukiulizwa umetoka wapi. Hapo mukuya ni weye!

WATU WAWILI WANAOSALIMIANA

Ndani ya kiwanja utaona mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika, uliowekwa wakati wa Waingereza. Karibu yake kuna miembe. Watu wa pale wanasema ni watoto wa mwembe ule wa kwanza, uliokuwa pale wakati David Livingstone alipokutana na Henry Morton Stanley. Ndani ya nyumba utaona sanamu za wale Wazungu wawili, wanasalimiana. Watalii wengi wanapiga picha mbele ya sanamu hizo, wanacheka kidogo, wanarudi hoteli.

Habari yenyewe kila mwanafunzi anaijua. Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, alikuwa amepotea katika masikio ya Ulaya, hakuna aliyepata barua yake. Gazeti moja la New York likamtuma Stanley kumtafuta. Akamkuta Ujiji mwaka 1871, mwezi wa Novemba kufuatana na hesabu ya Stanley mwenyewe.

Lakini weye mtoto wa Kabambare, uliza swali lingine. Ile siku Livingstone alikuwa anatoka wapi?

Alikuwa anatoka kwetu.

Ndiyo, kwetu kabisa. Tangu Septemba 1869 alikuwa anazunguka katika Maniema, na kituo chake kilikuwa mahali alipoandika «Bambarre», ndiyo Kabambare yetu. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza pale katika nyumba siku 80, hakuweza kutoka inje. Wenyeji walimwacha akae katikati yao muda wote ule, mtu asiyejulikana, mgonjwa, asiye na mali tena. Mukuya wa ngozi nyeupe! Alipopata nguvu, akaenda Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akafika mwisho wa Machi 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Akaandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino aliojitengenezea katika mbegu za mti wa kule. Maandishi yale yakafifia mpaka yakawa karibu hayasomeki. Miaka 140 baadaye, wataalamu walitumia mianga ya namna nyingi kuyapiga picha, ndipo yakasomeka tena.

Na aliandika nini? Kati ya mengine, aliandika juu ya soko la Nyangwe. Alilipenda soko lile: wanawake mamia wakitoka pande zote mbili za Lualaba, na samaki, na vyungu, na kuku, wakibishana bei na kucheka. Halafu tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pwani wakaanza kupiga risasi katikati ya soko. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wakachukuliwa na maji. Wafanyabiashara wale wenyewe walihesabu wafu zaidi ya 300. Livingstone akaona kwa macho yake, akashindwa kuendelea, akarudi Ujiji amevunjika moyo. Barua zake juu ya mauaji yale zilifika Uingereza na kuwasha hasira kubwa. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar akalazimishwa kufunga soko la watumwa.

Kwa hiyo unaposimama mbele ya zile sanamu mbili, kumbuka kwamba nyuma ya yule mzee mwenye ndevu kuna soko la mama zetu. Kwa fikara yangu, hiyo ndiyo habari kubwa ya nyumba ile, kupita mkono ambao Wazungu wawili walipeana. Na kuna wengine wa kukumbuka: Susi na Chuma, Waafrika wawili waliomfuata Livingstone miaka na miaka. Susi ndiye aliyekimbia kumpokea Stanley. Livingstone alipokufa mwaka 1873 kule Zambia ya leo, wao na wenzao walikausha maiti yake na kuibeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, walipofika Februari 1874.

NJIA YA MSAFARA

Ujiji haikuwa mwisho wa njia. Ilikuwa katikati. Kutoka Bagamoyo kwenye Bahari ya Hindi mpaka Ujiji ni karibu kilometa 1.200. Tangu mwaka 2006 Tanzania iliiandika njia hiyo katika orodha ya mahali inapoomba UNESCO ihifadhi, pamoja na vituo vyake: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji. Orodha inaishia ziwani, kwa sababu pale ndipo mpaka wa Tanzania unapoishia. Miguu ya watu haikuishia pale. Msafara ulivuka ziwa, ukapanda milima, ukapita Kabambare, ukafika Kasongo na Nyangwe.

Nani walipita katika njia ile? Tusijibu haraka «Waarabu na watumwa», kisha tukafunga kitabu. Walikuwapo Waarabu, ndiyo, lakini wachache. Walikuwapo Waswahili wa pwani, na watu wengi waliojiita Waungwana. Walikuwapo wapagazi Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa mshahara wa vitambaa. Walikuwapo wake zao, watoto wao, mafundi wa bunduki, wapishi, wenye kuandika barua. Wakati wa kurudi, walikuwapo watu wetu, wengine wakiwa na pembe za tembo begani, wengine na nyororo shingoni, na wengine vyote viwili.

Aliyejulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837 na kufa kule kule mwaka 1905. Aliifanya Kasongo kuwa kiti chake. Maisha yake aliyaandika mwenyewe, na aliyaandika katika Kiswahili. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimweka kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye, Dola ya Leopold ikaingia vitani na Waswahili wale wale. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili 1893, na Kabambare Januari 1894. Vitabu vya zamani vya shule vilituambia kwamba Wabelgiji walikuja kuvunja utumwa. Biashara ya nyororo ilivunjwa kweli, hatuwezi kukataa. Lakini yule aliyekuja kuivunja alikuwa amekula meza moja na wenye biashara ile, na baada ya vita babu zetu walilazimishwa kubeba mizigo na kutafuta mpira wa msituni. Mambo haya mawili, mfundishe mtoto wako yote mawili.

Sasa angalia sahani yako. Muchele wa Kasongo, ule tunaojivunia mpaka Kindu na Bukavu, ulikuja na msafara. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi lililoteka Kasongo mwaka 1893, alishangaa kuona mashamba ya mpunga na bustani za matunda kule. Miembe unayokaa chini yake baada ya Misa ilikuja kwa njia ile. Na hii lugha unayosoma sasa hivi, na ambayo katekista anatumia kufundisha, na ambayo mama anatumia kukukaripia, nayo ni mukuya. Babu zetu Wabangubangu, Wabuyu, Wakusu, Wazimba hawakuzaliwa nayo. Iliingia na msafara, askari wakaieneza, kambi za kazi zikaieneza, misioni ikaieneza. Leo nani anathubutu kuiambia «rudia kwenu»?

Misioni yenyewe vilevile. Mapadri Weupe wa kwanza walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakatembea kwa miguu njia ile ile ya watumwa, wakafika Ujiji Januari 1879. Wengine walikufa njiani kwa homa. Kutoka ziwani kazi yao iliendelea mpaka kufika Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20. Kule Bagamoyo, wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misioni tangu 1868, na walikuwa wananunua watumwa ili kuwapa uhuru. Makumbusho ya misioni ile ingali inafunguliwa kwa wageni mpaka leo. Ukipata nafasi ya kufika mbali zaidi ya Ujiji, pita pale. Utaona pia mnara wa kanisa la zamani ambamo maiti ya Livingstone ililala kabla ya kupelekwa Uingereza.

WAMANYEMA WA NG'AMBO

Toka inje ya makumbusho sasa, tembea katika mitaa ya Ujiji. Ndipo utaona sehemu ya pili ya maonyesho, na hii hulipii.

Kaa kwa mama anayeuza ndagala (wao wanasema dagaa) na mawese. Salimia vizuri, «Shikamoo mama,» maana kule mkubwa akinyimwa shikamoo anaumia. Mwambie umetoka Kabambare. Si ajabu akakuambia: «Hata sisi ni Wamanyema.» Kweli! Ujiji, Kigoma, Tabora, wako. Dar es Salaam, katika mtaa wa Kariakoo, kuna msikiti unaoitwa wa Manyema. Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, wako. Hakuna kabila moja linaloitwa Manyema. Ni jina walilopewa watu mbalimbali wa upande wetu walipovuka ziwa: Mubangubangu, Mukusu, Muzimba, Mubuyu, wote wakawa «Mmanyema». Wengine walivuka wakiwa watumwa, wengine wapagazi, wengine waliolewa, wengine walikuwa wafanyabiashara wenye akili kuliko mabwana zao. Walijenga, walizaa, walizika wafu wao. Leo wajukuu wao ni raia wa Tanzania, wanafundisha shuleni, wanavua samaki, wanapiga kura. Ukimwambia yule mama kwamba ni mukuya Ujiji, atakushangaa.

Ni jambo la kufikiri: sisi Maniema tuna historia ya kupokea wakuya, na tuna historia ya kuwa wakuya. Tena haikuisha zamani. Vita vya 1996 vilipoanza, watu wa Fizi, wa Uvira na wengine wa Maniema walivuka ziwa lile lile, na kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ikafunguliwa mwaka ule ule. Wengine wenu mnaosoma ukurasa huu mlizaliwa ng'ambo, ao mama zenu walipanga foleni kule kupata unga na mafuta. Mtu aliyekula chakula cha kambi ya wageni, akirudi kwake, anawezaje kumtukana mgeni? Familia takatifu nayo ilikimbilia Misri usiku, na hakuna aliyeandika kwamba Wamisri walimdai Yosefu aonyeshe udongo wa babu yake.

Kuna jambo moja gumu zaidi, na katika familia zetu halisemwi wazi. Katika pande za Kasongo bado kuna watu wanaojulikana kuwa «wajukuu wa waungwana» na wengine kuwa «wajukuu wa watumwa». Wakati wa ugomvi wa shamba ao wa uriti, neno «mutumwa» linatoka. Ndugu Mkristu, neno hilo ni uchafu, usilitie kinywani. Tena usimtupie jirani yako Mwislamu makosa ya watu wa mwaka 1871 juu ya kanzu yake. Waliokamata watu hawakuwa watu wa pwani peke yao. Ngongo Lutete, aliyeogopwa Lomami yote, hakutoka pwani. Machifu wa kwetu nao waliuza watu. Na katika ukoo mmoja unaweza kupata bibi aliyekamatwa na babu aliyekamata. Ukidai kuhesabu, utahesabu mpaka ujifikie mwenyewe.

NA SALAMABILA YETU?

Zahabu ya Namoya ndiyo iliyotukusanya hapa. Tangu wakati wa ukoloni makampuni yalileta watu wa kazi kutoka mbali, na mkataba na kitabu cha kazi. Mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa Sominki, nayo ikaisha mwaka 1997. Mnamo 2016 Banro ilianza kutoa zahabu ya biashara Namoya, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi juu ya ukosefu wa usalama. Kila mara kampuni inapofunguliwa watu wanakuja. Kila mara inapofungwa, wengine wanarudi na wengi wanabaki, kwa sababu wamekwisha kuoa, kujenga na kuzika hapa. Mushi anachimba pamoja na Murega, Mubembe anauzia Muluba viatu vya mpira, Mubangubangu anakodisha nyumba kwa wote. PDG wa shimo haulizi kabila la mtu anayeteremka na kamba. Anauliza kama ana nguvu.

Hatusemi kwamba wenye udongo hawana haki. Mtu ambaye shamba la babu yake limegeuka shimo ana haki ya kuuliza, ana haki ya kulipwa, na mtoto wake ana haki ya kupata kazi. Anayekuja akidharau mila ya mahali, akikataa kusalimia chifu, akiharibu maji ya kijiji na zebaki, huyo ana kosa. Lakini kosa lake ni matendo yake. Si kwamba alitoka Walungu ao Shabunda. Ukichanganya haya mawili, mwivi wa kwenu atajificha nyuma ya kabila lako, na mtu wa haki kutoka mbali utamfukuza.

TUNAWEZA KUANZA WAPI?

Vijana wa Kiro, wa Xaveri, wa kwaya, mnasema mara nyingi hakuna kazi ya kufanya wakati wa konji. Kazi iko. Kila mmoja aende kwa mzee wa nyumbani na daftari. Amuulize alizaliwa wapi, alifika Namoya mwaka gani, kwa miguu ao kwa kamyo, nani alimpokea siku ya kwanza na akampa chakula gani. Amuulize lugha gani alisema kwa mama yake. Kama ni mwenyeji, amuulize ginsi alivyoona watu wa kwanza wa kampuni wakifika. Usimkatize mzee, hata akirudia. Kitabu cha kazi cha babu, picha ya zamani yenye vumbi, karatasi ya ubatizo kutoka misioni ya mbali, usivitupe na usifungie navyo karanga. Zile nyumba za Paris na New York zilijazwa na vitu sawa hivi. Vililetwa na familia, si na wafalme.

Na kama Ujiji ni mbali kwa mfuko wako, iko Kasongo-Tongoni. Tongoni maana yake mahali palipoachwa. Ndipo palipokuwa mji wa Tippu Tip kabla ya Wabelgiji kuhamisha Kasongo. Watafiti wa Kongo na wa Ulaya, pamoja na Noemie Arazi, walichimba pale na kusikiliza wazee wa mahali, na mwaka 2020 walitoa maandishi yao katika gazeti la elimu linaloitwa Antiquity. Usitazamie jumba, usitazamie sanamu za watu wanaosalimiana. Utaona mashamba, miti, na chini ya majani alama za mji mkubwa.

Parokia ikipanga safari ya vijana kwenda kule, ni vizuri kiongozi mmoja atangulie siku mbili mbele. Aonane na chifu wa mahali na aombe ruhusa, amwalike pia imamu na mzee mmoja anayejua habari. Wabebe maji na chakula chao. Na mtu akiokota ushanga ao kipande cha chungu, akirudishe pale alipokiokota, kwa maana kikitoka mahali pake hakuna tena mtaalamu anayeweza kukisoma.